Sura ya Saba: Harusi ya Wawili katika Nyika ya Alaska

Harusi ya faragha, kwa maana inayotumika katika sura hii, ni ndoa inayofungwa na watu wawili kwa hiari yao, mahali walipopachagua wenyewe, mbele ya wachache tu ambao sheria inawataka wawepo, pasipo ukumbi, kamati ya harusi, mshereheshaji wala michango. Wanaoipenda huitafutia mahali pa upweke mkubwa, na kwa miaka ya karibuni wengi wao wamevutiwa na nchi za kaskazini ya mbali, ambako kuna milima isiyo na barabara, mito ya barafu, na usiku unaoweza kuangaza rangi ya kijani angani. Sura hii inaitazama harusi ya namna hiyo katika jimbo la Alaska, Marekani, kwa sababu ni mahali ambapo sheria ya ndoa ni nyepesi kuliko katika nchi nyingi, ilhali ardhi yenyewe ni ngumu kuliko wageni wengi wanavyodhani.

Kutoka kutoroka hadi kupanga

Zamani harusi ya faragha ilikuwa harusi ya kutoroka. Nchini Uingereza, sheria ya ndoa iliyopitishwa mwaka 1753 na kuanza kutumika mwaka uliofuata ilimbana kijana aliye chini ya umri wa miaka 21 asioe wala kuolewa kwa leseni bila ridhaa ya mzazi. Na kwa kuwa sheria hiyo haikuvuka mpaka wa Scotland, wapenzi wengi walikimbilia kaskazini hadi kijiji cha Gretna Green, karibu kabisa na mpaka, ambako ilitosha kutamka ridhaa yao mbele ya mashahidi, mara nyingi katika karakana ya mhunzi. Mbio hizo zilipungua baada ya mwaka 1856, Bunge lilipoweka sharti kwamba angalau mmoja wa wanaooana awe amekaa Scotland kwa siku 21 kabla ya ndoa.

Katika jamii kadhaa za Afrika Mashariki nako, kijana kumtorosha binti ilikuwa njia iliyojulikana ya kukwepa pingamizi la wazazi au mzigo wa mahari, lakini jambo hilo halikuishia njiani. Wazee wa upande wa mwanamume walitumwa kwenda kuomba radhi, kulipa faini na kupatana juu ya mahari, na ndipo ule muungano ulipohesabiwa kuwa ndoa kamili.

Mifano hiyo miwili inabeba hoja kuu ya sura hii, nayo ni kwamba hakuna ndoa iliyowahi kuwa ya watu wawili peke yao. Anayepunguza wageni hapunguzi wajibu, bali huuhamisha: kutoka kwa wakwe, majirani na wanakamati, kwenda kwa karani wa leseni, shahidi, rubani, askari wa hifadhi, wenyeji wenye ardhi, na hali ya hewa isiyosikiliza ombi la mtu. Kupanga harusi nyikani ni kuwatambua hao wote mapema na kumpa kila mmoja haki yake.

Nchi na umbali wake

Alaska iliuzwa na Urusi kwa Marekani mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2, ikawa jimbo la 49 mwaka 1959. Eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.7, karibu mara mbili ya Tanzania, lakini sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu wapatao 733,000 tu, na wengi wao wanaishi Anchorage na miji ya jirani. Vijiji vingi havifikiki kwa barabara, na hata Juneau, makao makuu ya jimbo, hufikiwa kwa ndege au kwa meli. Kwa sababu hiyo mgeni anayesema anakwenda kuoa Alaska bado hajasema anakwenda wapi, na uamuzi wa kwanza katika mpango wote ni kiwango cha upweke ambacho wawili hao wanaweza kukimudu kwa fedha, kwa afya na kwa muda walionao.

Kiwango cha kwanza ni eneo la Mlima Denali, wenye kimo cha mita 6,190, ambao unaupita Kilimanjaro kwa karibu mita 300 na ndio mrefu kuliko yote Amerika Kaskazini. Denali ni jina la wenyeji, ingawa tangu mwaka 2025 serikali ya shirikisho inauandika mlima huo kwa jina la McKinley. Kutoka mji mdogo wa Talkeetna, ulio mwendo wa saa mbili na zaidi kwa gari kutoka Anchorage, ndege ndogo zilizofungwa skii badala ya kutegemea magurudumu peke yake huruka hadi kwenye barafuto ya Ruth na kutua juu ya theluji. Barafuto ni mto wa barafu uliojengwa na theluji ya miaka mingi na unaoteremka polepole sana kwa uzito wake wenyewe. Wawili wanaweza kufunga ndoa hapo, katikati ya kuta za mawe, na kurudi Talkeetna siku hiyo hiyo.

Kiwango cha pili ni safu ya Milima ya Brooks, kaskazini ya Duara la Aktiki, yaani ule mstari wa latitudo ya takriban nyuzi 66 na nusu ambao kaskazini yake jua halichwi kabisa walau siku moja ya kiangazi na halichomozi walau siku moja ya kipupwe. Njia ya gari ni barabara ya Dalton, yenye urefu wa kilomita 666, iliyojengwa mwaka 1974 kwa ajili ya bomba la mafuta na ambayo sehemu yake kubwa bado ni ya changarawe. Baada ya kituo cha Coldfoot msafiri hupita kilomita zaidi ya 380 bila kituo cha mafuta, na kampuni nyingi za kukodisha magari haziruhusu magari yao kupelekwa huko.

Kiwango cha tatu ni Hifadhi ya Taifa ya Gates of the Arctic, iliyoko magharibi ya barabara hiyo. Hifadhi hii ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 34,000 pamoja na ardhi ya akiba iliyoambatana nayo, na ndani yake hakuna barabara wala njia ya miguu iliyotengenezwa. Watu huingia kwa ndege ndogo kutoka Bettles au Coldfoot, zikitua mtoni, ziwani au kwenye kingo za kokoto. Wawili wanaofika huko hawana msaada wa karibu zaidi ya wanaokwenda nao, na kwa hiyo hapafai kuwa mahali pa kujifunza kambi kwa mara ya kwanza.

Sheria na mashahidi wake

Sheria ya Alaska haimtaki mtu awe mkazi wa jimbo ili aoe. Inachotaka ni leseni ya ndoa, ambayo ni idhini ya maandishi ya kufunga ndoa ndani ya muda maalumu. Baada ya ombi kupokelewa hupita siku 3 kamili za kazi kabla leseni haijatolewa, na ikishatolewa hudumu kwa siku 90. Siku hizo 3 hazihesabu Jumamosi, Jumapili wala sikukuu za serikali, hivyo wanaowasili Ijumaa wakitumaini kuoana Jumatatu hukwama mjini. Njia ya busara ni kutuma ombi kwa posta wiki kadhaa kabla ya safari, likiwa limesainiwa kwa utaratibu wa viapo unaotakiwa, na kuipokea leseni mara baada ya kufika.

Anayefungisha ndoa anaweza kuwa kiongozi wa dini, hakimu, au kamishna wa ndoa. Huyu wa mwisho ni mtu wa kawaida aliyeteuliwa na mahakama, kwa ada ndogo, kuwafungisha ndoa wawili waliotajwa, na kwa njia hiyo rafiki au hata mwongozaji wa msafara anaweza kupewa kazi hiyo. Maneno ya ndoa hayakuwekewa mfumo. Sharti ni kila mmoja atamke kwamba anamkubali mwenzake, mbele ya mfungishaji na mbele ya shahidi. Kwa miaka mingi walitakiwa mashahidi wasiopungua wawili, lakini marekebisho ya mwaka 2022 yalipunguza idadi hiyo hadi mmoja, na miongoni mwa sababu zilizotolewa ni harusi hizi hizi za nyikani, ambako kila kiti cha helikopta kina gharama kubwa na shahidi wa pili humaanisha safari ya pili.

Marekebisho hayo yanastahili kutazamwa kwa makini. Bunge la jimbo lilikuwa tayari kurahisisha biashara ya utalii, lakini halikumwondoa shahidi wa mwisho, kwa kuwa ndoa ni tendo linalobadilisha hadhi ya mtu mbele ya jamii nzima, na jamii haina budi kuwa na jicho lake pale linapotendeka. Dini nazo zinashikilia msimamo huo kwa uzito zaidi. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, nikahi haitimii bila walii wa mwanamke na mashahidi wawili, ingawa walii anaweza kumweka wakala. Na Kanisa Katoliki, pasipo ruhusa maalumu, hutaka padri au shemasi pamoja na mashahidi wawili. Wanaoshika dini hizo watafanya vyema kufunga ndoa ya dini kwanza nyumbani, au kusafiri na wanaohitajika, kuliko kufika juu ya barafu na kugundua kwamba sharti la serikali limetimizwa na la imani halikutimizwa.

Kuchagua majira

Mwanga ndio unaotawala kalenda ya kaskazini. Mjini Fairbanks, siku ndefu kuliko zote ya mwezi Juni ina karibu saa 22 za jua, na saa chache zinazobaki hazina giza kamili. Utqiaġvik, mji wa kaskazini kuliko yote nchini Marekani, jua halichwi tangu karibu tarehe 10 Mei hadi mwanzoni mwa Agosti, kisha halichomozi kwa zaidi ya siku 60 za kipupwe. Kwa hiyo anayeota harusi ya jua la usiku wa manane hawezi, katika safari ile ile ya Juni, kuota nuru za kaskazini, kwa sababu nuru hizo zinahitaji giza.

Nuru za kaskazini hutokea pale chembe zenye chaji zinazotoka kwenye jua zinapoongozwa na usumaku wa dunia hadi karibu na ncha zake na kugonga gesi za angahewa. Oksijeni iliyo kwenye kimo cha kilomita mia moja na ushei hutoa kijani, iliyo juu zaidi hutoa nyekundu, na naitrojeni huongeza zambarau na buluu. Eneo la Fairbanks na Milima ya Brooks liko chini ya ukanda ambamo nuru hizo huonekana mara nyingi, na msimu wake huanza mwishoni mwa Agosti hadi Aprili. Hata hivyo wingu moja zito linatosha kuzificha usiku kucha, na mpango mzuri hutenga usiku kadhaa wa kusubiri bila kuifanya nuru kuwa sharti la furaha ya ndoa.

Kila majira yana bei yake. Juni na Julai ni miezi ya mbu, ambao kwenye tundra, yaani uwanda wa kaskazini usiomea miti kwa sababu ya baridi na ardhi iliyoganda, huja kwa wingi wa kumfunika mtu uso. Mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba mbu wamekwisha, vichaka vya tundra vimegeuka vyekundu na vya manjano, usiku umerudi na nuru zinaweza kuonekana. Kwa wengi hayo ndiyo majira bora, ingawa mvua na theluji ya kwanza huweza kuja wakati wowote. Machi hutoa theluji imara, anga safi mara nyingi na mchana wa kutosha. Katikati ya kipupwe ni kwa wenye maandalizi makubwa tu: huko Prospect Creek, kusini ya Coldfoot, tarehe 23 Januari 1971 ilipimwa baridi ya nyuzi 62 za Selsiasi chini ya sifuri, ambayo ni rekodi ya Marekani nzima.

Kufika na kukaa salama

Rubani wa ndege ndogo ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya saa na siku ya harusi. Ndege hizo hubeba uzito mdogo, hivyo abiria hupimwa pamoja na mizigo yao, na shela, suti, maua na chakula vyote huingia katika hesabu hiyo. Rubani akisema mawingu yameshuka bondeni, harusi huahirishwa. Na kwa kuwa hali hiyo inaweza kudumu, ratiba inayofaa huacha angalau siku 2 au 3 tupu kabla na baada ya siku iliyopangwa, na waliokwisha kushushwa nyikani huwa na chakula cha ziada cha siku kadhaa. Kumshurutisha rubani kwa sababu ya picha au tiketi ya kurudi ni kuhatarisha maisha ya watu kwa jambo lisilolingana nayo.

Adui wa karibu zaidi ni baridi, hata wakati wa kiangazi. Haipothemia ni hali ya joto la mwili kushuka chini ya nyuzi 35, ambapo mtu hutetemeka, huchanganyikiwa na hatimaye hushindwa kujisaidia, nayo huja upesi zaidi mtu akiwa amelowa na kupigwa na upepo. Pamba ikilowa hunyang'anya joto, bali sufu huendelea kulihifadhi. Kwa hiyo bibi harusi huvaa fulana na suruali za sufu ndani ya shela, na koti zito hukaa karibu ili livaliwe mara tu picha zinapokwisha. Betri za kamera na simu hupoteza nguvu haraka katika baridi, na hutunzwa ndani ya nguo, karibu na mwili.

Mito inayotokana na barafuto huongezeka maji mchana, barafu inapoyeyuka, na huvukwa mapema asubuhi. Dubu hawatafuti ugomvi na watu, lakini hawapendi kushtukizwa, hivyo watembeao huzungumza kwa sauti, huhifadhi chakula katika vyombo maalumu asivyoweza kuvifungua dubu, na hubeba dawa ya pilipili ya kumfukuzia, ambayo hununuliwa Alaska kwenyewe kwa kuwa haikubaliwi katika ndege za abiria. Mahali pasipo mtandao wa simu, kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti ni cha lazima, na nakala ya ratiba huachwa kwa mtu wa kuaminika ambaye anajua ni siku gani na saa ngapi aanze kupiga simu ya uokoaji.

Ardhi yenye wenyewe

Neno nyika humfanya mgeni adhani kwamba ardhi haina mwenyewe, ilhali katika Alaska jambo hilo si kweli karibu popote. Sheria ya mwaka 1971 ya kumaliza madai ya wenyeji iliyapa makampuni ya wenyeji wa Alaska umiliki wa takriban kilomita za mraba 178,000, na sehemu kubwa ya ardhi inayozunguka vijiji ni mali yao. Sheria nyingine ya mwaka 1980, iliyoanzisha hifadhi nyingi kubwa za jimbo hilo, ililinda haki ya wakazi wa vijijini kuendelea kuwinda na kuvua kwa ajili ya chakula chao.

Kijiji cha Anaktuvuk Pass, kilichozungukwa na hifadhi ya Gates of the Arctic, ni makazi ya Wanunamiut, ambao ni Wainupiat wa bara, watu waliowafuata karibuu, kulungu wa kaskazini wanaohama kwa makundi, kwa vizazi vingi kabla ya kutulia hapo katikati ya karne ya 20. Majira mazuri ya picha, yaani mwisho wa Agosti na Septemba, ndiyo pia majira ya mawindo yao, na ndege inayoruka chini au kambi iliyowekwa katika njia ya wanyama inaweza kuligeuza kundi na kuikosesha familia nyama ya kipupwe. Heshima hapa ina vitendo maalumu: kuomba ruhusa ya kijiji kabla ya kukanyaga ardhi yao, kuuliza makundi yanapita wapi, kununua huduma kwa wenyeji, na kutowapiga picha watu, nyumba wala makaburi bila idhini.

Ardhi yenyewe nayo ina haki yake. Hifadhi za taifa huhesabu sherehe ya ndoa kuwa matumizi maalumu na kwa kawaida hutaka kibali, kwa hiyo ofisi ya hifadhi husika huulizwa miezi mingi kabla. Droni haziruhusiwi ndani yake. Mimea ya tundra hukua polepole juu ya ardhi iliyoganda daima, na kidonda cha nyayo au cha moto kinaweza kuonekana kwa miaka mingi. Ndiyo maana sherehe hufanywa juu ya mawe, kokoto au theluji, na mchele, maua bandia na karatasi za kurusha havitumiwi.

Ndoa inaporudi nyumbani

Baada ya maneno kutamkwa, mfungishaji, shahidi na wanandoa hutia saini, na mfungishaji ana siku 7 za kuirejesha hati kwa msajili. Wanandoa huagiza nakala zilizothibitishwa, na wakihitaji kuzitumia nchi nyingine huzipeleka kwanza kwenye mamlaka ya jimbo ili zipate uthibitisho wa kimataifa au, kwa nchi zisizopokea uthibitisho huo, zipitie pia ubalozi. Kwa Watanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huitambua ndoa iliyofungwa ng'ambo kwa taratibu halali za huko, mradi kila mmoja alikuwa na umri na uwezo wa kuoa au kuolewa kwa sheria ya makazi yake na ridhaa ilikuwa ya hiari.

Linabaki deni la jamaa, ambalo halina ofisi wala fomu. Wazazi wanaopata habari za harusi ya mtoto wao kupitia picha iliyosambazwa na watu wengine huumia kwa haki, kwa sababu walionyimwa si karamu bali nafasi ya kuridhia. Familia inayoambiwa mapema, mshenga akatumwa, posa ikajibiwa na mahari yakapatanwa kabla ya safari, inaweza kuikubali harusi ya wawili bila kujiona imetupwa, na kuiandalia makaribisho watakaporejea. Kazi hiyo ya kuwaeleza watu ianze kabla ya kununua tiketi na kabla ya kujaza fomu ya leseni, kwa kuwa leseni hupatikana kwa siku 3 za kazi, lakini ridhaa ya wazazi haina muda uliowekwa na mtu yeyote.